Mbuzi, mbaazi na majani ya kiangazi: historia ndogo ya chakula cha mifugo Kasongo na Kabambare

Wakati watu wetu wanapoandika juu ya mila, mara nyingi wanaandika juu ya ngoma, jando, mahari na majina ya mashefu. Ni vizuri. Lakini mahari ile inalipwa na nini? Na mbuzi. Siku ya Idi watu wa Kasongo wanachinja nini? Mbuzi. Hata kesi ya jirani na jirani mbele ya shefu, mara ngapi inakwisha kwa kutoa mbuzi mmoja? Na bado hakuna anayeuliza mbuzi yule alikula nini ili afike siku ile akiwa na nyama mwilini. Mimi naona hii nayo ni historia, tena iko karibu na mlango wa nyumba zetu kuliko vita vya Waarabu na Bula Matari ambavyo kila mtu anapenda kusimulia.

Wengine watasema: Maniema si jangwa, majani yako kila fasi, kuna shida gani? Ni kweli kwamba mvua yetu ni nyingi. Lakini kusini ya Maniema njo pale msitu mkubwa unapokwisha na mbuga zinapoanza. Kutoka mwezi wa sita mpaka wa nane mvua inakatika, nyasi zinakauka, na watu wanachoma pori kwa kuwinda na kwa kufungua mashamba. Ukipita wakati ule kati ya Kasongo na Kabambare unaona vilima vyeusi pande zote mbili za barabara. Kitu kibichi kilichobaki ni mihogo. Basi mbuzi anafanya nini? Anaingia katika sombe ya mama wa jirani. Kesi zote za kiangazi zinatoka pale.

Turudi nyuma. Kabla ya misafara ya kutoka pwani, wazee wetu, Babangubangu, Bahombo, Babuyu, Bazimba, Bakusu na wengine, walikuwa na mbuzi na kuku. Ng'ombe hawakuwa mali ya kila siku, na sababu inajulikana: ni nzi wa malale, yule wanayemwita mbung'o upande wa Tanzania. Nzi huyu anawapa ng'ombe, farasi na punda ugonjwa wa damu unaowakondesha mpaka kufa. Mbuzi wadogo wa nchi zetu wanauvumilia zaidi, kwa sababu wameishi nao vizazi vingi. Watu wanapowacheka mbuzi wa Maniema kwamba ni wafupi, wakumbuke kwamba ufupi ule umekuja pamoja na uvumilivu.

Halafu wakaja Waungwana. Njia yao tunaijua: Bagamoyo, Ugogo, Unyanyembe pale Tabora, Ujiji, kuvuka ziwa, kisha Kabambare, kufuata upande wa Luama hadi Lualaba, Kasongo na Nyangwe. Livingstone alikaa Bambare kwa muda mrefu, kutoka mwaka 1869 hadi mwanzo wa 1871, na sehemu ya muda ule alikuwa mgonjwa wa vidonda vya miguu. Stanley alipita mwaka 1876 pamoja na punda wake wa kupanda, na mwenyewe anasimulia jinsi watu wa Manyema walivyomshangaa mnyama yule na kukimbia sauti yake. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikuwa amekwisha kufanya Kasongo kuwa makao yake. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na kila mtu msomi wa Maniema angepaswa kuyasoma, hata kama hampendi mwandishi.

Watu tunakumbuka mambo mawili ya Waungwana: utumwa na dini. Tunasahau la tatu, yaani shamba. Walileta mpunga, na mpaka leo wali wa Kasongo unasifiwa. Walileta maembe na machungwa. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo pamoja na jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, alikuta maghala yamejaa mpunga, mahindi na kahawa, na bustani zenye machungwa, mapera, mananasi na maembe. Aliandika pia juu ya ng'ombe: makundi ya ng'ombe wa aina tatu mbalimbali. Hapa msomaji asimame kidogo. Ng'ombe wa aina tatu, ndani ya mji ulio katika nchi ya nzi wa malale! Mji mkubwa unakata miti kwa mashamba na kuni, nzi anapoteza kivuli chake, na ng'ombe anaweza kuishi pembeni mwa nyumba. Lakini ni lazima mtu amletee chakula, kwa sababu malisho ya mbali ni kifo. Kazi ya kubeba majani kila asubuhi ilifanywa na nani? Jibu tunalijua bila kuandikiwa: watumwa. Mji ulipoanguka, na Kabambare nayo ikatekwa mwezi wa kwanza wa 1894, mikono ile ilitawanyika na mifugo ikapotea. Wala haikuwa rahisi kupata mingine, maana katika miaka ileile ya mwanzo wa 1890 sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Pale Kasongo ya zamani ilipokuwa panaitwa Tongoni, na neno tongo katika Kiswahili ni mahali palipohamwa. Jina linatosha.

Mbaazi ni mmea mwingine ambao jina lake linatuonyesha njia. Ni kichaka cha jamii ya kunde, asili yake India, na pwani ya Afrika Mashariki umelimwa tangu zamani sana. Sisi tunauita kwa jina la Waungwana. Ndugu zetu wa Kongo ya Chini wanauita wandu, jina lisilofanana kabisa na letu. Majina mawili kwa mmea mmoja ndani ya nchi moja si ajabu: Kongo yetu ina milango miwili, mmoja wa bahari ya Zanzibar na mwingine wa bahari ya Atlantiki. Huko pwani watu wanakula mbaazi na nazi. Hapa kwetu hazikushinda maharagi wala karanga, zikabaki mmea wa pembeni ya nyumba, kwenye ua na mwisho wa shamba. Na kwa mbuzi, pembeni ya nyumba njo fasi nzuri kuliko zote.

Wapagazi wa misafara walikuwa wameona mengine njiani. Walipopita Ugogo na Unyamwezi, nchi kavu kweli, waliona mifugo ikiishi kwa miti wakati nyasi zimekwisha: maganda ya migunga yanayoanguka chini, majani na vichipukizi. Wasukuma na Wanyamwezi wana desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, nyasi na vichaka vikue, kisha kuifungua kiangazi kinapokaza. Desturi hiyo ilikaribia kufa. Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu wanauita HASHI, na badala ya kuleta mambo mapya tu, uliirudisha ngitili. Eneo la ngitili lilikuwa limebaki hekta mia chache. Mwanzo wa miaka ya 2000 lilihesabiwa kupita hekta 300,000. Nataja habari hii kwa sababu kwetu tunafikiri maendeleo ni lazima yatoke kwenye gari la mzungu. Pale yalitoka kwa wazee waliokumbuka kufunga malisho.

Wakati wa Wabelgiji mambo ya mifugo yetu hayakupewa uzito. Kuanzia mwaka 1917 pamba ya lazima iliingia Maniema, na monitere alipofika kijijini alikuja kuhesabu mistari ya pamba. Mbuzi hakuhesabiwa, isipokuwa alipokula pamba. Mbegu ya pamba ina nguvu nyingi kwa mifugo, lakini pamba ilichukuliwa pamoja na mbegu zake kwenda kiwandani. Taasisi kubwa ya kilimo, INEAC, ilianzishwa mwaka 1933, na vituo vyake, kama Nioka kule Ituri na Mulungu kule Kivu, vilifanya kazi nzuri ya majani ya malisho na ya miti ya jamii ya kunde. Leusena, kwa mfano, ilipandwa kutoa kivuli katika mashamba ya kahawa. Elimu ile ilikuwa ya wenye ng'ombe wa milimani na wenye plantasio. Mtu wa Kabambare mwenye mbuzi sita haikumfikia.

Tena vikaja vita. Mwaka 1964 Wasimba walishika Kasongo na Kabambare. Mwaka 1996 na 1997, kisha 1998 hadi 2003, kila jeshi lililopita lilikula mbuzi, na hata baadaye upande wa Salamabila watu hawakupata raha. Mbuzi ni benki inayotembea kwa miguu, na askari anaijua benki ile kuliko mtu yeyote. Kijana aliyekuwa na mbuzi wanane wa mahari akabaki na kamba. Kuna ndoa nyingi za miaka ile ambazo mali yake haikukamilika mpaka leo, na watoto wa ndoa zile sasa ni wakubwa na wenyewe wanataka kuoa. Amani iliporudi kidogo, mashirika yalileta mbuzi wa kupokezana: unapata jike, akizaa unampa jirani mtoto. Mpango mzuri. Lakini nilichoona ni kwamba wanatoa mbuzi, na dawa ya minyoo kidogo, bila mti hata mmoja wa kumlisha. Mwezi wa nane ukifika, jike aliyebeba mimba amekonda, anazaa mtoto asiye na nguvu, maziwa hakuna, mtoto anakufa. Watu wanasema ni uchawi wa jirani. Wakati mwingine ni sotoka ya mbuzi kweli, kwa maana ugonjwa ule uliua mbuzi wengi nchini mwetu, hasa mwaka 2012. Lakini mara nyingi ni njaa tu.

Njaa gani, wakati tumbo la mbuzi limejaa? Hapa njo elimu inatusaidia, na mama yeyote wa Maniema ataielewa haraka. Mtoto anayekula bukari peke yake, bila sombe, bila samaki, bila maharagi, anashiba na tumbo linavimba, lakini nywele zinageuka rangi na miguu inavimba. Tunajua ugonjwa ule. Nyasi kavu ya mwezi wa saba ni bukari bila mboga. Ndani ya tumbo la kwanza la mbuzi wanaishi vijidudu wasiohesabika, na wao njo wanaomeng'enya nyasi. Vijidudu vile navyo vinataka protini. Wataalamu wanasema protini katika chakula ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinalegea, nyasi inakaa tumboni muda mrefu bila kuvunjika, na mnyama anaacha kula kwa sababu anajisikia ameshiba. Nyasi za mbuga zilizozeeka na kukauka zinafika chini ya kipimo kile, mara nyingine asilimia 3 au 4 tu.

Majani ya vichaka vya jamii ya kunde ni kitu kingine. Mimea hii ina vifundo katika mizizi, na ndani ya vifundo kuna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewa na kuifanya chakula cha mmea. Kwa hiyo majani ya mbaazi yana protini asilimia 15 hadi 24 ya uzito mkavu. Leusena na gliresidia zinafika 20 hadi 25 na hata kupita. Na mzizi wao unakwenda chini sana, unakuta maji wakati nyasi imekwisha kufa. Si lazima mbuzi ale majani haya peke yake. Yakiwa theluthi moja tu ya chakula, yanaamsha vijidudu na ile nyasi mbaya inaanza kufaa. Mbuzi wa kilo 20 anakula kama gramu 600 za chakula kikavu kwa siku. Theluthi ni gramu 200, yaani gramu 700 au 800 za majani mabichi. Ni fungu moja zuri ambalo mtoto anaweza kubeba akirudi kisimani.

Katika milima ya Embu, Kenya, watafiti walipima kaliandra kwa ng'ombe wa maziwa wakaona kilo 3 za majani mabichi zinashika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Mkulima alihitaji kama miti 500 kwa ng'ombe mmoja kwa mwaka, akaipanda kwenye mipaka na kwenye makinga ya mmomonyoko bila kupunguza mahindi yake. Kwetu chakula cha dukani hakiko, kwa hiyo hata hesabu ya bei haina maana. Majani yanashindana na hakuna kitu.

Lakini isionekane kwamba kila kichaka chenye maganda ni rafiki. Leusena ina sumu inayoitwa mimozini. Punda na farasi wakiila sana wanapoteza nywele za mkia na za shingo. Ng'ombe na mbuzi wanapata uvimbe wa shingo na kukonda. Katika visiwa vya Hawaii mbuzi walikuwa wanaila bila shida, na mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aligundua sababu: tumboni mwao kuna bakteria anayevunja sumu ile. Bakteria yule akapelekwa Australia katika miaka ya 1980 na kutiwa katika ng'ombe wa kule. Sisi tusio na bahati ile tufuate kanuni ya theluthi, haitatudhuru. Leusena ina adui pia, mdudu mdogo anayenyonya machipukizi, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1992 na kuharibu mashamba mengi. Kaliandra nayo ina tanini nyingi, inafaa zaidi ikiliwa mbichi kuliko ikikauka.

Na kuna utupa. Wavuvi wa mito yetu wanaujua: kichaka cha maua ya zambarau au meupe, majani yake yanapondwa na kutiwa majini, samaki wanalewa na kuelea. Huu nao ni jamii ya kunde, binamu wa mbaazi, na ndani yake kuna rotenoni inayoua samaki na wadudu. Mbuzi wanaupita. Kule mashariki ya Zambia wakulima waliotaka kurutubisha mashamba waliupanda kwa sababu hiyohiyo, maana mbaazi zao zilikuwa zinaliwa na mbuzi wa kijiji kizima. Mzee aliyejua kutofautisha utupa na mbaazi alikuwa na elimu ya mimea kuliko vijana wetu wenye diploma, na sisemi hivyo kwa kuwadharau vijana. Kuna pia mti mdogo wa mbuga wenye jani lililogawanyika kama kwato ya mbuzi, ambao Tanzania wanauita msegese. Gome lake tunafungia kamba. Maganda yake mapana mifugo wanayala yakianguka, na mtoto anaweza kuyaokota bure kabla ya moto wa pori kupita.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe, kwa maana wasomaji wa Kasongo watauliza: unataka mbuzi wafungwe? Wazee wengi hawataki. Wanasema mbuzi aliyefungwa si mbuzi, na kwamba mavuno yakikwisha mashamba ni ya wote. Ninawaheshimu, lakini desturi ile ilikuwa ya wakati wa mahindi na mtama, vitu vinavyovunwa na kuondoka. Muhogo unakaa shambani mwaka mzima na zaidi. Mbuzi anayetembea bure anakula sombe ya mama mmoja, na yule mama njo analipa gharama. Upande mwingine, maagronome wanaosema fungeni mbuzi wote kesho hawaulizi nani atakata majani. Ni mama yuleyule, au mtoto wa kike anayetakiwa kuwa masomoni. Mimi naona wafungwe katika miezi mitatu ya kiangazi tu, karibu na nyumba, na miti iwe palepale kwenye ua, hatua kumi na siyo kilometa mbili. Mbolea ya zizini ibaki ya yule aliyekata majani, aipeleke katika shamba lake.

Kuna jambo la ardhi pia. Kwetu kupanda mti ni kusema ardhi ni yangu. Mgeni, au mwanamke anayelima fasi ya wakwe, akipanda leusena mwenye ardhi atakasirika, na ana sababu. Mbaazi haileti kesi. Inaishi miaka mitatu hadi mitano, inazaa chakula, watu wanaihesabu pamoja na mimea ya shamba. Njo sababu ninaipendelea, ingawa leusena ina protini zaidi.

Aina ndefu za zamani zinapandwa mvua zinapoanza, mwezi wa tisa, katikati ya mahindi au kwenye mstari wa ua. Zinakwenda polepole. Mahindi yakivunwa ndipo zinapanuka, na maganda yanakuwa tayari mwezi wa tano au wa sita. Watu wavune kwanza, wapike, waweke mbegu. Kisha matawi yakatwe kwa zamu, mti leo na mwingine kesho, kwa kimo cha kiuno na siyo chini, kwa maana mbaazi iliyokatwa karibu na ardhi inakufa. Ganda tupu na mbegu zilizovunjika wapewe jike wenye mimba kabla ya wengine. Mvua ya mwezi wa tisa ikirudi, kisiki kile kinachipuka tena.